Kiti cha Nane

Habari hii nilipewa na Thacienne mwenyewe, Jumatano ya baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, tukichagua maharage mezani kwake huku watu wote wa nyumba ile wako kazini na shuleni. Alikuwa anatafuta mawe ambayo hayamo. Maharage ya Sydney yanakuja kwenye paketi yakiwa safi, hayana jiwe hata moja, lakini vidole vyake havijakubali. Alisimulia polepole mpaka paketi ya pili ikaisha.

Thacienne anakaa Smithfield, magharibi mwa Sydney, kwa mwanawe Kubwimana, dereva wa lori, anayetoa makontena bandarini Port Botany na kuyapeleka kwenye maghala. Mke wa Kubwimana ni Fébronie, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Watoto wao ni wawili, Lyse wa miaka kumi na tano na Bertrand wa miaka kumi. Nyumba si mbaya. Thacienne ana chumba chake, kitanda chake na dirisha la kuangalia uani, ambako amepanda mahindi mistari mitatu. Kitu ambacho hana ni kazi.

Mwaka wake wa kwanza katika nchi hii alisahau sufuria jikoni, king'ora cha moshi kikalia mpaka jirani akaruka ukuta. Tangu siku ile Fébronie alimwomba asiwashe jiko akiwa peke yake. Alimwomba kwa adabu zote, mikono miwili mbele, lakini alimwomba. Mwanamke aliyelisha watoto sita miaka kumi na nane kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa kuni za kuhesabu, akawa mtu wa kupashiwa chakula.

Zilibaki siku nne tu kwa mwaka. Kila Pasaka familia ilikwenda kulala kwenye mahema, msituni kusini huko, kando ya mto, mwendo wa saa nne na nusu. Walikwenda na rafiki wa Kubwimana anayeitwa Niyonzima, na mkewe Nahimana, na watoto wao wawili, kila familia na gari lake. Na huko msituni moto ulikuwa wa Thacienne. Hakuna king'ora, hakuna swichi. Alikuwa ameshaijua miti ya nchi hii bila kufundishwa na mtu: upi unatoa moshi wa kuumiza macho, upi unalia kama mafuta kwenye kikaango, na gome lipi linalojichuna lenyewe na kushika moto hata kama jana mvua ilinyesha. Alfajiri watu wakitoka kwenye mahema wamejikunja kwa baridi, wanamkuta yeye ameshakaa, chai imeshachemka. "Mama, wewe unalala saa ngapi?" Niyonzima alikuwa anamuuliza kila mwaka, na kila mwaka anamjibu, "Nitalala Smithfield, huko ndiko nisiko na kazi."

Watu walikuwa wanacheka. Yeye hakuwa anatania.

Mwaka jana lilitokea jambo jingine. Lyse, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anakijibu kwa Kiingereza, alikuja akachuchumaa karibu na bibi yake, akaweka simu mfukoni kwa kuwa kule haina mtandao, akatazama mikono yake muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kila neno akilichukua kama anavuka mto juu ya mawe: "Bibi, mwaka kesho utanifundisha. Nataka niwashe mwenyewe."

Thacienne aliliweka neno lile moyoni. Mahindi ya uani yalipokomaa hakutupa gunzi hata moja. Aliyaanika juu ya bati la kibanda, akayageuza kama mtu anageuza dagaa, akayatia kwenye gunia. Gunzi kavu ndilo linalomfaa mtu anayejifunza, kwa sababu halina haraka, linakaa na moto wake mpaka kuni kubwa ikubali. Kufikia mwezi wa tatu gunia lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

Na mwezi huohuo mafuta yakapanda.

Kubwimana alianza kuzungumza habari za mafuta kama watu wengine wanavyozungumza habari za ugonjwa. Akirudi kazini, kabla hajavua viatu, anasema vituo gani amepita na bango la bei la kila kituo limesemaje. Gari lao ni kubwa, la viti vinane, linakunywa dizeli. Fébronie akawa anakwenda kazini kwa basi. Mazoezi ya mpira ya Bertrand yakaachwa. Jumamosi wakaacha kwenda kuwasalimu watu, ikawa salamu za simu. Thacienne hakulalamika kwa lolote kati ya hayo. Alikuwa anasubiri siku zake nne.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Niyonzima na Nahimana walikuja kutoka Campbelltown wanakokaa, pamoja na kijana wao mkubwa Arnaud, wa miaka kumi na tisa, na dada yake mdogo. Walikula, wakanywa soda, halafu Kubwimana akafuta midomo.

"Niyonzima, tusidanganyane. Magari mawili mwaka huu haiwezekani."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo njiani," Niyonzima akasema. "Tuchange mafuta, twende na gari lako. Langu lipumzike."

"Lako lipumzike? Lako limepumzika tangu ulinunue."

"Limepumzika lakini halijawahi kunilaza barabarani!"

Wakacheka. Kisha Nahimana akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Watu walikuwa tisa. Viti ni vinane.

Sasa wewe unajua sisi tulivyo. Hakuna mtu anayemwambia mwenzake wewe baki. Kila mtu anajitoa mwenyewe, na wengine wanamkatalia, anajitoa tena, wanamkatalia tena, mpaka kila aliyemo chumbani ameshikwa mkono na kuambiwa bila wewe hatuendi. Baada ya hapo ndipo jambo lenyewe linazungumzwa. Niyonzima akaanza. "Mimi nitabaki, nitafanya shifti."

"Nani? Na hema atalisimamisha nani, mimi na mgongo huu?" Kubwimana akamkatalia.

Nahimana naye akasema atabaki yeye. Fébronie akampiga bega. "Weee! Uniache na wanaume hawa wanaokoroma? Nani atanichekesha?"

Arnaud akasema anaweza kubaki yeye, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba anasema kweli. Baba yake hakumaliza hata kumsikiliza. "Ubaki na nyumba tupu na marafiki zako? Utakwenda."

Ikafika zamu ya Thacienne. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, maneno yake tayari. Alijua atasema nini, na alijua watamjibu nini, na alijua atakachosema baada ya hapo: basi kama mmenilazimisha, nitafanyaje.

"Niacheni mimi," akasema. "Mimi ni mzee, baridi ya kule inaingia kwenye magoti. Nitalinda nyumba."

Akangoja.

Niyonzima alimwangalia Kubwimana, kwa sababu mama ni wa Kubwimana, si wake, na mgeni hawezi kumtangulia mtoto. Nahimana akaangalia sakafu. Fébronie akamwangalia mumewe. Kubwimana alikuwa ameshika simu yenye bei za mafuta, kidole kikiwa juu ya kioo, hakitembei.

Lyse ndiye aliyefungua mdomo. "For real, Bibi? Hutaki kwenda?"

Hapo ndipo Thacienne angeweza kujiokoa. Aliniambia hivyo mwenyewe, na akalisema mara mbili. Lakini mtu aliyelelewa vizuri hakubali baada ya kuulizwa mara moja, na tena kuulizwa na mtoto. Mtoto hana uwezo wa kukuombea safari. Anayetakiwa kusema ni baba yake.

"Kweli, mjukuu wangu. Nendeni tu."

Kubwimana akainua macho. "Asante, Mama," akasema.

Asante. Neno hilo moja, na likafunga mlango. Mazungumzo yakahamia kwenye mchele.

Wiki mbili zile Thacienne hakupoteza tumaini. Alijiambia kwamba Kubwimana hakutaka kubishana mbele ya wageni, atamjia peke yake. Alipika maneno ya kumjibu. Kubwimana alimjia kweli, Jumatano, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na Thacienne akaweka mikono mapajani. Alikuja kuulizia mahali ulipo ufunguo wa kibanda.

Siku ya Alhamisi jioni walipakia. Kubwimana alipima kila kitu kwa mkono kama mtu wa sokoni. Meza ya kukunja akaitoa. Viti viwili vya kukunja akavitoa. Sufuria kubwa, ile ya Thacienne, akaitoa. "Kila kilo inakunywa mafuta," akasema. Thacienne akaja na gunia lake, amelikumbatia.

"Hili ni la Lyse. La kuwashia moto."

"Mama, gunia lote hilo?"

"Ni jepesi. Lishike uone."

Hakulishika. "Tumeshanunua vile vibonge vyeupe vya kuwashia. Kiboksi kidogo, kinaingia mfukoni." Akamwekea mkono begani. "Utatumia hapahapa nyumbani." Na wote wawili walijua kwamba hapa nyumbani hawashi moto.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, Thacienne aliamka kabla ya wote. Akaoga, akavaa gauni la safari, akafunga kitambaa, akavaa viatu vyake vya kamba. Chini ya kitanda begi lake lilikuwa limepakiwa, sweta mbili, blanketi, dawa za presha. Alikuwa ameshapanga kwamba akiambiwa, hata wakiwa wameshawasha gari, hatawachelewesha dakika moja. Akasimama barazani na viatu vyake miguuni, mahali ambapo kila mtu alimwona.

Fébronie alimwonyesha chakula kwenye friji, vyombo vinne, kila kimoja kimeandikwa siku yake. "Dakika tatu tu kwenye mashine, Mama. Usiguse jiko, tafadhali." Aliviona vile viatu. Thacienne aliniambia, "Aliviona, maana aliviangalia, halafu akanikumbatia kwa nguvu kuliko kawaida."

"Ingieni, ingieni!" Kubwimana akaita. "Injini inaunguza mafuta bure!"

Wakaingia. Bertrand akapunga mkono, Lyse akabusu vidole vyake akampelekea bibi yake busu kupitia kioo cha gari. Gari likapinda kona. Thacienne akasimama barazani muda mrefu kidogo, pengine wamesahau kitu.

Ijumaa alikula chombo cha Ijumaa. Jumamosi alikula cha Jumamosi. Jumapili ya Pasaka akapanda basi kwenda ibadani, na Nkatha, Mkenya mmoja mcheshi anayesimamia kwaya, akamshika mlangoni.

"Ai, Mama Thacienne! Si nyinyi mko msituni mkichoma nyama? Wamekuacha?"

"Nimewaacha mimi," akasema. "Baridi ile si ya umri wangu. Walinibembeleza, nikawaambia nendeni."

"Umefanya vizuri, jipumzishe. Watoto siku hizi wana bahati, mimi wangu hawawezi hata kunibembeleza."

Thacienne akaimba nyimbo zote.

Walirudi Jumatatu saa nane mchana, wamechoka, wananuka moshi. Thacienne aliusikia moshi ule kabla hawajamfikia, na akajua bila kuuliza kwamba walichoma kuni mbichi. Lyse alimkimbilia na simu.

"Bibi, look! Niliwasha mwenyewe!"

Kwenye kioo Thacienne akaona mikono ya Lyse, kibonge cheupe, kiberiti cha gesi kinachorusha mwali kama bunduki. Sekunde moja, moto ukaruka, watu wakapiga makofi. Hakuna gome, hakuna kupuliza, hakuna kusubiri.

"Mara moja tu, Bibi. One go!"

"Vizuri sana, mjukuu wangu," akasema. "Umeweza."

Alisema kweli, alifurahi kwa ajili yake. Lakini alihisi kitu kinamtoka mikononi. Lyse alikuwa ameshakwenda kutafuta chaja.

Bertrand naye alikuwa anashusha boksi la barafu kutoka ndani ya gari, lile kubwa la plastiki la kuwekea nyama na maziwa, anaegemea nyuma kwa uzito. Akalitua mbele ya bibi yake, akainama kama mtambulishaji wa wageni.

"Bibi, meet Bibi!"

"Bertrand!" Fébronie akamkemea kutoka nyuma ya gari.

"Nini? It's funny!" Akageukia bibi yake, akachanganya lugha zote mbili kwa furaha. "Tulilipatia kiti boksi hili, Bibi. Next to me. Tulilifunga mkanda kama mtu. Kila likigonga tunasema, pole Bibi. Tulikuambia uangalie dirishani!"

Thacienne akacheka kidogo, kwa kuwa mtoto alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikaishia njiani.

"Kiti kipi?"

"Cha Arnaud. He didn't come. Aliitwa kazini."

Fébronie akachukua begi lisilo lake akaingia ndani haraka. Bertrand akaangalia uso wa bibi yake, akaona amesema kitu lakini hajui ni kipi, akamfuata mama yake.

Thacienne akalivuta boksi lile mpaka kwenye bomba la uani. Akafungua kifuniko, akamwaga maji ya barafu yenye damu ya nyama, akaanza kulisugua. Kubwimana akamkuta hapo. Alikuwa ameshavua fulana ya safari, anapaswa kulala mapema, kesho saa kumi alfajiri ana foleni ya makontena.

"Mama, acha, nitaosha mimi."

"Arnaud hakwenda."

Kubwimana akarudisha mkono aliounyoosha.

"Mlijua lini?"

"Tulipofika kwao. Tuko mlangoni tayari, Niyonzima ananiambia ghala la kazini kwa Arnaud limempigia usiku, wanalipa siku ya sikukuu vizuri, kijana ameshaondoka."

"Kwa hiyo mkiwa Campbelltown kiti kilikuwa kitupu."

"Mama, Campbelltown na hapa ni dakika arobaini. Kurudi, halafu kwenda tena kulekule. Karibu kilomita sabini za bure."

Akaacha kusugua. "Mafuta lita ngapi?"

"Mama…"

"Nakuuliza. Wewe ni dereva, unajua. Lita ngapi?"

"Kama saba," Kubwimana akasema.

Thacienne akafikiri juu ya lita saba. Yeye mambo ya lita anayajua kwa shingo. Dumu la kambini lilikuwa lita ishirini, alilibeba kichwani mara tatu kwa siku, huku Kubwimana yuko mgongoni, mgonjwa wa kifua, mwaka mzima. Lita saba alikuwa anampa mtoto wa miaka mitano abebe, ajizoeze.

"Nani alisema msirudi?"

"Hakuna aliyesema. Niyonzima aliniuliza, tunamfuata Mama? Nikasema alisema mwenyewe hataki. Magoti."

"Nilisema mwenyewe."

"Ulisema, Mama. Mara mbili. Watu wote walisikia."

"Kubwimana." Alimwita kwa utulivu, akiwa bado amechuchumaa, maji yanatiririka kwenye viatu vyake. "Wewe hukulelewa na Wazungu. Nimekulea mimi. Mtu akijitoa, anafanywaje?"

Kubwimana akaangalia kule kwenye mahindi, ambako kulibaki mabua tu. "Anaombwa."

"Ulikuwa unajua."

Angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema nchi hii imetubadilisha, maneno ambayo sote tunayasema tukikosa ya kusema. Thacienne aliniambia kwamba bado hajui kama anamshukuru kwa kutosema hivyo.

"Nilikuwa najua," Kubwimana akasema. "Pale sebuleni nilifungua mdomo nikuombe. Nikaona nikikuomba utakubali. Na ukikubali, ni magari mawili tena."

"Na Campbelltown?"

"Campbelltown nilikuwa nimeshazoea kwamba umebaki."

Thacienne akaitikia kwa kichwa. Akafunga bomba. Akaligeuza boksi juu chini likauke.

"Nenda ukalale," akamwambia. "Una kazi."

"Mama, mwakani Mungu akipenda bei ikishuka…"

"Nenda ukalale, mwanangu."

Akaenda. Ndani nyumba ilikuwa imeshanyamaza. Bertrand alilala na soksi zake zenye tope, juu ya shuka. Lyse alilala amejifunika mpaka kichwani, simu iko ukutani inajaza umeme. Fébronie alilala sebuleni, hakufika hata chumbani, mkono mmoja umefunika macho. Kubwimana akalala wa mwisho, na kukoroma kwake kukatoka dirishani mpaka uani, kukoroma kwa mtu ambaye ameendesha gari saa tano.

Thacienne akaliendea gunia. Alilikuta kibandani palepale alipoliweka Alhamisi. Akatoa gunzi moja, akalivunja, likalia kavu kabisa, zuri, kazi ya miezi. Akalivuta gunia mpaka kwenye pipa la kifuniko cha kijani, lile la majani linalochukuliwa na gari la halmashauri kila baada ya wiki mbili, akayamimina yote. Yalianguka kwa kelele kubwa. Akasimama asikie kama kuna aliyeamka. Kukoroma kuliendelea.

Akakunja gunia, akaliweka vizuri, maana gunia bado ni zima. Akaosha mikono. Kwenye friji alikuta chombo cha Jumatatu hajakila, akakirudisha nyuma kabisa. Chumbani akavuta begi kutoka chini ya kitanda, akatoa sweta ya kwanza, sweta ya pili na dawa, akavirudisha kabatini. Blanketi hakulirudisha. Akavua viatu vilivyolowa, akajilaza nalo, akageukia ukutani, ambako jua la alasiri lilikuwa bado linawaka, na akiwa anahesabu tena wale watu tisa, kila mmoja na kiti chake, usingizi ukamchukua.